Anayetangulia Siye Anayeongoza: Mbio za Magari kwa Anayetaka Kuzielewa

Baraza yetu hapa Kibokoni, Mombasa, ina runinga moja, birika moja la kahawa chungu na mabingwa wa mbio za magari wasiopungua kumi na watano, wote bingwa wa kukaa. Msimu mpya ukikaribia, mabingwa hao hugawanyika. Wapo wa langalanga, wanaojua rangi ya kofia ya kila dereva, na wapo wa Safari Rally, mbio za Kenya zinazofanyika Naivasha, ambao wengi wao huko Naivasha wamefika kwa kuhadithiwa tu. Mimi ni wa kundi la pili. Nimefika kule mara moja, nikarudi na vumbi masikioni na mafua ya siku tatu.

Safari iliyopita tuliitazama pamoja. Gari la kwanza likaibuka kwenye wingu la vumbi, kijana mmoja akaruka kwa furaha: "Yule yuwaongoza! Hawamshiki tena!" Kabla hajakaa, jedwali likajitokeza pembeni mwa kioo, na dereva yule yule alikuwa wa nane.

"Ami, hii imekuwaje? Katangulia yeye, tena ni wa nane?"

Ami wetu ni mzee aliyefanya kazi kwenye tagi, zile meli ndogo za kuvuta meli kubwa, za bandari ya Kilindini mpaka akastaafu. Akavuta kahawa yake bila haraka. "Runinga imekosea," akasema.

Runinga haikukosea. Lakini swali la kijana lilikuwa zuri kuliko jibu alilopewa, nami nimelisikia kila mwaka tangu Safari irudi kwenye mbio za dunia mwaka 2021. Shida yetu ni kwamba tunaitazama rally kwa macho ya langalanga. Ni sawa na mtu aliyezoea drafti kuketi mbele ya bao: ubao upo, wachezaji wawili wapo, lakini hesabu ni nyingine kabisa.

Langalanga, ambayo duniani inaitwa Formula 1, ni yale magari membamba ya kiti kimoja, magurudumu yamechomoza nje kama miguu ya kaa, yanayozunguka uwanja mmoja wa lami. Magari yote hupangwa kwa safu, taa tano nyekundu huwaka, zikizimika yanaondoka kwa pamoja. Mpinzani wako unamwona: yuko mbele yako au yuko kwenye kioo chako cha pembeni. Ukimpita umempita. Atakayevuka mstari kwanza, bila kuwa na adhabu ya waamuzi, ndiye mshindi. Mchezo huu haujachezwa barani Afrika tangu 1993, ulipofanyika Kyalami, Afrika Kusini, kwa hivyo kwetu sisi umebaki wa kutazamwa kwenye kioo.

Rally haina uwanja. Ina barabara za kawaida, za mashambani, za ranchi na za milimani, na vipande fulani vya barabara hizo hufungwa kwa saa kadhaa ili magari yapite kwa kasi. Kipande kimoja cha namna hiyo huitwa mkondo. Safari ya siku hizi huwa na mikondo kama ishirini kwa siku tatu au nne, na ukijumlisha urefu wa yote unapata kati ya kilomita 320 na 390. Kila gari huanza mkondo peke yake. Likishaondoka la kwanza, dakika kadhaa huhesabiwa, kisha huondoka la pili. Penye vumbi jingi, kama mkondo wa Kedong kule Naivasha, pengo hilo huongezwa, la sivyo dereva wa nyuma angekuwa anaendesha amefumba macho.

Chukua matatu kumi za Mtwapa. Ya kwanza iondoke Buxton saa mbili kamili asubuhi, ya pili saa mbili na dakika tatu, hivyo hivyo mpaka ya kumi. Kule Mtwapa mkae na saa mkononi. Ya kwanza kuondoka huenda ikafika kwanza, na hilo halikuambii kitu. Uliza imetumia dakika ngapi. Iliyotumia 31 imeishinda iliyotumia 33, hata kama dereva wa ile ya 33 alishashuka zamani na yuko kwenye dafu la pili. Sasa rudieni zoezi hilo mara ishirini, kwenye barabara ishirini mbalimbali, mjumlishe dakika zote. Mwenye jumla ndogo ndiye anayeongoza. Hiyo ndiyo rally, ila hesabu yake hufika hadi sehemu ya kumi ya sekunde, na hakuna abiria wa kushusha Bamburi.

Kwa hiyo vile vinambari vya pembeni mwa kioo ndivyo vya kutazama kuliko gari lenyewe. Ukiona +4.2 wakati dereva yuko katikati ya mkondo, maana yake ni kwamba hapo alipofika amezidiwa sekunde 4.2 na mtu mwenye muda bora. Mtu huyo huenda alipita dakika kumi zilizopita na sasa amevua kofia, anakunywa maji. Wanafukuzana, lakini hawaonani.

Mwenye kuongoza apewe barabara chafu

Basi nani huamua anayetangulia? Ijumaa, siku ya kwanza kamili ya mashindano, barabara hufunguliwa na yule anayeongoza jedwali la msimu mzima. Jumamosi na Jumapili mpangilio hugeuzwa kufuata matokeo ya rally yenyewe: kati ya madereva wa juu, waliobaki nyuma hutangulia na anayeongoza huja mwisho. Dereva wetu wa nane alitangulia kwa sababu hiyo hiyo, kwamba alikuwa wa nane.

Kijana alipolisikia hilo alisema ni zawadi, maana aliyetangulia anapata njia nyeupe. Sivyo. Mwage mbaazi kavu kwenye sakafu ya saruji kisha upite juu yake mbio. Wa kwanza kupita anateleza, na kwa kuteleza kwake anazisukuma mbaazi kando. Wa tano anakanyaga saruji tupu. Barabara ya changarawe kavu iko vivyo hivyo: gari la kwanza hufagia mawe madogo na mchanga, la nyuma hushika ardhi ngumu na kwenda kwa kasi zaidi. Anayeongoza msimu hupewa ufagio siku ya Ijumaa, na hupoteza sekunde zake akiwafagilia wenzake. Kwa maoni yangu ni sheria ya busara, ingawa madereva wanaopewa ufagio hawajawahi kuipenda.

Kwamba anayetangulia huumia kila mara, hapo pia tusikimbilie. Kuna udongo mkavu na kuna udongo laini. Mtu wa Kisauni ndani analijua hili bila kufundishwa: mvua ikishuka, tuktuk ya kwanza hupita, ya ishirini hukwama kwenye mifereji iliyochimbwa na zile kumi na tisa. Naivasha ni hivyo hivyo. Penye udongo laini magari ya mwanzo huchimba mitaro na kufukua mawe makali, na wa nyuma ndio wanaopasua tairi. Tangu 2024 Safari ilipohamishwa kutoka Juni hadi Machi, mvua imekuwa karibu sana na mlango, na wingu moja juu ya Elmenteita linaweza kubadilisha nani ana bahati na nani hana kwa nusu saa.

Kuna na vumbi lenyewe, laini kama unga wa ngano, ambalo madereva huliita fesh-fesh. Limelala juu ya njia tambarare kabisa kwa macho, kumbe chini yake kuna shimo au jiwe la kuvunja mkono wa gurudumu. Likiingia kwenye injini huiziba pumzi. Ndiyo sababu ya lile bomba la hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele kwenye magari ya Safari. Nimemsikia mtu akiapa kwamba ni bomba la moshi, na mwingine kwamba ni pambo la Kiafrika. Ni pua ya gari, imeinuliwa juu ya vumbi na juu ya maji.

Rubani

Langalanga ina kiti kimoja, rally ina viwili, na yule wa kiti cha pili watu humwita abiria. Ni mwelekezi. Kabla ya mashindano wawili hao huruhusiwa kupita kila mkondo mara mbili kwa mwendo wa pole. Dereva hutamka anavyoiona njia, mwelekezi huandika. Siku ya mashindano mambo hugeuka, mwelekezi husoma na dereva hutii. Kwa Kiswahili chetu yangesikika hivi: "Kulia tano, mia, juu ya mgongo, kushoto tatu inabana, usikate." Namba ni ukali wa kona. Wengi hutumia moja hadi sita, moja ikiwa kona kali ya kukaribia kusimama, sita ikiwa kona ya kupitika kwa kasi. Mia ni mita mia za kunyooka. Mgongo ni pale njia inapopanda na kushuka ghafla hivi kwamba huoni ng'ambo. Inabana ni kwamba kona itazidi kukaza kadiri unavyoingia. Na "usikate" ni onyo kwamba ndani ya kona kuna jiwe au mti uliokatwa, ukikatiza umekwisha.

Nilipolieleza hili barazani, ami aliweka kikombe chini. "Basi huyo ni rubani," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa amesema kweli tupu. Meli kubwa ikija Kilindini, nahodha haingii peke yake. Rubani huifuata nje kwa mashua, hupanda kwa ngazi ya kamba ubavuni, hukaa kando ya nahodha na kumwambia geuza hapa, punguza pale, kwa sababu chini ya maji hayo kuna matumbawe ambayo nahodha hayajui. Meli ni ya nahodha, lakini ajuaye mkondo ni rubani. Hata neno ni moja. Tofauti ni kwamba rubani wa Kilindini hasomi daftari huku meli ikirukaruka kwa kilomita 150 kwa saa, na akipotea mstari mmoja, muda wa kuutafuta anao.

Kwa hiyo ushindi wa rally huandikwa kwa majina mawili. Kalle Rovanperä alishinda Safari ya 2022 na ya 2024 akisomewa na Jonne Halttunen, na Elfyn Evans akashinda ya 2025 akisomewa na Scott Martin. Wengi wetu tunalijua la kwanza tu katika kila jozi.

Kufika mapema ni kosa

Kati ya mkondo na mkondo kuna kitu ambacho runinga haionyeshi sana. Magari hutoka kwenye njia iliyofungwa na kuingia barabara ya kila mtu, yakapanga foleni na malori na boda boda. Huko hakuna mashindano. Magari hayo yana namba za usajili, yana taa za kuashiria, na sheria za trafiki zinawahusu kama zinavyomhusu dereva wa tuktuk.

Kila jozi hupangiwa dakika yake ya kuripoti kwenye kituo kinachofuata. Ukichelewa, unaongezewa sekunde 10 kwa kila dakika ya kuchelewa. Ukiwahi, unaongezewa dakika nzima kwa kila dakika ya kuwahi. Soma tena ukitaka, ndivyo ilivyo: kuwahi ni kosa kubwa mara sita ya kuchelewa, kwa sababu hawataki mtu akimbize gari kati ya watu ili apate nafasi ya kupumzika au kutengeneza. Kule Naivasha nililiona gari limeegeshwa kando ya barabara, dereva na mwelekezi wamesimama nje wakitazama saa, na jirani yangu akashika kichwa: "Limekufa! Limekufa!" Halikuwa limekufa. Walikuwa wakingoja dakika yao.

Limekufa kweli lile ambalo umeona mwenyewe likitoa moshi, na hata hilo usilizike haraka. Ndani ya mkondo na njiani hakuna fundi anayeruhusiwa kuligusa gari. Wenye kulitengeneza ni wale wawili, kwa spana na vipuri walivyobeba wenyewe, ndiyo maana utamwona bingwa wa dunia amepiga magoti vumbini akifungua nati za gurudumu kama mtu wa Makupa aliyepata pancha. Kubadilisha tairi katikati ya mkondo huwagharimu dakika moja na zaidi, na rally nzima huweza kuamuliwa kwa sekunde chache. Mafundi hungoja kambini, nao wana saa yao: robo saa asubuhi, dakika 45 usiku.

Gari likishindwa kumaliza siku, mafundi wakafanikiwa kulifufua, linaweza kurudi siku inayofuata. Kwa kila mkondo liliokosa huongezewa dakika 10. Kushinda halitashinda tena. Basi linarudi kufanya nini? Hapo ndipo penye hesabu ya pointi, na hapo ndipo baraza letu liliponuniana hadi adhuhuri.

Mshindi anayeondoka na pungufu

Tangu 2025 pointi za rally ya dunia hutoka kwenye mifuko mitatu. Mfuko mkubwa ni wa matokeo ya mwisho: wa kwanza 25, wa pili 17, wa tatu 15, wa nne 12, wa tano 10, kisha 8, 6, 4, 2 na 1 kwa wa kumi. Mfuko wa pili ni wa Jumapili peke yake. Huchukuliwa mikondo ya siku hiyo tu, kana kwamba Ijumaa na Jumamosi hazikuwepo, na watano bora hupewa 5, 4, 3, 2, 1. Mfuko wa tatu ni wa mkondo wa mwisho kabisa, nao watano bora hupewa vivyo hivyo. Atakayeongoza mifuko yote mitatu huondoka na 35.

Tuseme dereva mmoja ameongoza tangu Ijumaa kwa dakika mbili. Jumapili anaendesha kwa tahadhari, asije akapasua tairi, anashinda rally na 25 zake, basi. Wa pili hana cha kupoteza. Anaichapa Jumapili kama mwenye deni, anabeba 5 za siku na 5 za mkondo wa mwisho, anaziweka juu ya 17. Jumla 27. Kikombe kimekwenda kwa mmoja na pointi nyingi zimekwenda kwa mwingine. Na lile gari lililofufuliwa usiku, ambalo liko nyuma kwa nusu saa, linarudi kuwinda zile tano tano za Jumapili. Waliounda mfumo walitaka watu wasilale Jumapili, na kwa hilo wamefaulu. Mimi bado naona mshindi angestahili kuondoka na nyingi kuliko wote, lakini nakiri huu ni nafuu kuliko wa 2024, uliogawa sehemu kubwa ya pointi Jumamosi jioni na ukatupwa baada ya msimu mmoja tu.

Pointi moja moja hizo si mchezo. Mwaka 2025 Evans alishinda Safari, akasherehekea Naivasha, msimu ulipokwisha akakosa ubingwa wa dunia kwa pointi nne. Aliyeuchukua ni Sébastien Ogier, ubingwa wake wa tisa, akimfikia Sébastien Loeb. Ogier hakushiriki duru zote za mwaka huo. Kenya hakuja kabisa. Ukimwambia mtu barazani kwamba bingwa wa dunia hakukanyaga Safari, atakuambia umechanganya, kwa sababu anadhani Safari ndiyo kombe lenyewe. Safari ni duru moja katika msimu wa zaidi ya duru kumi, nayo huhesabiwa sawasawa na ya Monte Carlo au ya Ufini. Heshima yake ndiyo isiyopimwa kwa pointi. Timu nazo zina jedwali lao, kando na la madereva, na hapo Toyota haijamwachia mtu Safari: 2021 hadi 2025, zote tano zake.

Fujo nyingine ni ya madaraja. Unasikia redioni kwamba Mkenya ameshinda, unatazama jedwali unamkuta wa saba. Hakuna aliyedanganya. Kwenye mkondo mmoja hupita magari ya nguvu tofauti, kama vile ngalawa za mashine na za tanga zikashindana kwenye bahari moja siku moja. Rally1 ndiyo daraja la juu, la timu za viwanda. Chini yake kuna Rally2, chini zaidi Rally3, na kila daraja lina mshindi wake. Mwaka 2021 Onkar Rai alimaliza wa saba kwa jumla, Karan Patel wa nane na Carl Tundo wa tisa, wakiwa na magari ya daraja la chini, na Rai akatangazwa mshindi wa kundi lake. Kwa gari alilokuwa nalo, wa saba ilikuwa kazi ya kuvuliwa kofia. Patel baadaye akawa bingwa wa rally wa Afrika 2022 na 2023.

Na kwa wale wanaosema Subaru ya jirani ikitolewa viti vya nyuma na kupigwa stika ni gari la rally: gari la Rally1 limejengwa juu ya kizimba cha mabomba ya chuma, na kinachofanana na gari la dukani ni sura tu. Injini yake, hata hivyo, ni ya lita 1.6. Jirani ana lita 2.5 na bado hafiki Mariakani bila kuongeza maji.

Ilipokuwa ikiteremka pwani

Ami ana malalamiko moja tu kuhusu Safari ya sasa, nayo ni kwamba haiji Mombasa. Zamani ilikuja. Miaka ya 1970 magari yalikuwa yakiteremka kutoka Nairobi hadi huku na kupanda tena, yakipita milima ya Taita, na yeye na wenzake walikuwa wakisimama nje kidogo ya Mazeras usiku kungojea taa. "Ulikuwa waisikia kabla hujaiona," husema, kisha hunyamaza kidogo.

Ilianza 1953, mashindano ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka huo hapakuwa hata na mshindi wa jumla, magari yaligawanywa kwa bei zake za dukani. Njia ilikuwa ya maelfu ya kilomita, barabara hazikufungwa, na ungeweza kukutana na basi, ng'ombe au tembo kwenye kona. Hesabu ilikuwa ya adhabu: kila dakika uliyochelewa ni pointi, mwenye chache ndiye mshindi. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström walilingana pointi sawasawa, ushindi ukapewa Mehta kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Mehta angeshinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Joginder Singh alishinda tatu. Mwaka 1968 walianza wengi wakamaliza saba, katika matope ambayo wazee bado wanayazungumza kana kwamba yamekauka jana.

Ile Safari ilikuwa ya kuvumilia. Ya sasa ni ya kukimbia. Baada ya 2002 iliondolewa kwenye ratiba ya dunia, na iliporudi ilibidi ivae nguo za kisasa: kambi moja ya mafundi, mikondo iliyofungwa, yote karibu na kambi hiyo ili helikopta ya wagonjwa na waamuzi wafike haraka. Naivasha ina ranchi kubwa zinazoweza kufungwa bila kumzuia mtu kwenda sokoni. Pwani yetu ni vijiji, mashamba madogo na minazi ya watu. Ungeufunga mkondo Kaloleni, ungefungia na harusi tatu. Simlaumu aliyechagua Naivasha, ingawa mbele ya ami silisemi hilo kwa sauti.

Anachobaki nacho ni mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic, yaliyoanza 2003 kwa mtindo wa zamani, na ambayo zaidi ya mara moja yameanzia au kuishia huku pwani. Mwaka 2011 aliyashinda Björn Waldegård, bingwa wa kwanza wa dunia wa madereva wa rally, mwaka 1979. Alikuwa na miaka 68, yuko ndani ya Porsche 911, na rubani wake alikuwa mwanawe. Ami hulisimulia hilo kwa kituo, akitutazama mmoja mmoja sisi tunaolalamikia mgongo.

Sasa tunangoja Januari. Msimu wa rally hufunguliwa Monte Carlo, milimani, mara nyingine usiku, kisha Februari huenda Uswidi kwenye theluji na tairi za misumari, kisha Machi ndiyo zamu yetu. Wiki iliyopita nilimweleza kijana haya yote tangu mwanzo, matatu za Mtwapa, mbaazi, ufagio, akaelewa vizuri kabisa. Kisha nikafanya kosa la kumwambia kwamba Monte Carlo ni lami, haina changarawe ya kufagia, na magari yakikata kona huvuta tope na kokoto kwenye njia, kwa hivyo kule mara nyingi kutangulia ni faida.

"Kwa hiyo kule," akasema, macho yamemng'aa, "anayetangulia ndiye anayeongoza?"

Nikaomba kahawa nyingine.